Seneta Kenya 2027: ile karatasi ya njano mnaipigaje, chama au mtu?

BintiUkunda

Wadau hamjambo. Nina swali na tafadhali msinicheke. 2022 ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga kura, nikakabidhiwa karatasi sita pale, nyeupe ya rais, bluu ya gavana, kijani ya mbunge, na hizo zingine, na wallahi ya rais nilijua nafanya nini, ya gavana pia, ya MCA, mwakilishi wa wadi bunge la kaunti, ndiyo usiseme maana huyo namjua mpaka kwao wanakoteka maji. Lakini ile ya njano ya seneta nilitafuta tu alama ya chama nikatia tiki nikakunja nikatoka. Mpaka leo mtu akiniuliza nilimpigia nani lazima nifikirie kwanza.

Sasa juzi kwenye chama chetu cha akina mama (cha kuchangishana, sio cha siasa) kaja mheshimiwa mtarajiwa mmoja, simtaji, anautaka useneta 2027. Kaketi mkekani, kanywa chai yetu na mahamri yetu, halafu akaanza kumwaga ahadi, basari ya karo kwa kila mtoto anayeingia sekondari, lami mpaka mlangoni, taa za barabarani, yaani vigelegele mpaka ng'ambo. Mimi mdomo wangu hautulii nikamuuliza mheshimiwa hizo pesa zitatoka mfuko gani, akacheka akaniambia dada wewe niletee kura, pesa ni kazi yangu. Akina mama wakanitazama kama nimemwaga chumvi kwenye chai.

Nimefika nyumbani nimemuuliza shemeji yangu wa boda, naye ananiambia nisijisumbue kichwa, nipige suti, rais mpaka MCA chama kimoja basi. Sasa nauliza wenye kujua, seneta kazi yake hasa ni nini, na nikifika kwenye ile njano niangalie chama ama niangalie mtu?

PwezaWaLikoni

Usijali dada, mimi nimepiga kura mara tatu na mpaka leo nadhani njano ni ya mwakilishi wa kike hahaha. Nafuatilia hapa.

WakalaMstaafu

Swali zuri na wala usione haya, mimi nilikuwa wakala wa chama kituoni 2022 upande wa Matuga na nakwambia watu wazima na ndevu zao walikuwa wananiuliza kwa kunong'ona eti huyu seneta ndiye wa nini.

Kwanza huyo mgeni wenu wa mahamri. Seneta hana mfuko wa basari. Mbunge anao mfuko wa NG-CDF, mwakilishi wa kike anao mfuko wa NGAAF, na kaunti ina pesa zake, sisi Kwale tunaijua basari ya Elimu ni Sasa na hiyo ni ya serikali ya kaunti si ya seneta. Bunge la Taifa lilipitisha mswada 2025 wa kutaka kuiweka hiyo mifuko ndani ya katiba na wakaongeza mmoja wa seneti, lakini hata huo umetajwa kuwa wa kusimamia kaunti, yaani kumulika matumizi, sio wa kulipa karo. Kwa hiyo mtu anayewania useneta akikuahidi basari anakugawia chakula cha sufuria ya jirani. Na barabara ni hivyo hivyo, za kaunti ni za gavana na zile kubwa ni za serikali kuu.

Kazi yake ni mbili kubwa ukiacha mambo ya kutunga sheria za kaunti. Ya kwanza ni pesa. Kila mwaka wanavutana na Bunge la Taifa kaunti zote zipate ngapi, mfano mwaka wa fedha wa 2025/26 wabunge walitaka bilioni 405, seneti ikasema 465, wakaishia 415. Halafu baada ya hapo kuna fomyula ya kugawanya hizo pesa kati ya kaunti 47, na hiyo ndiyo ilileta kizaazaa 2020. Mnakumbuka? Fomyula mpya ilikuwa inakata kaunti za kaskazini na za kwetu Pwani ili zile zenye watu wengi zipate zaidi, maseneta wakakaa mara kumi, mara kumi kabisa, hawaelewani, mpaka mwezi wa nane watatu wakakamatwa na polisi, Malala wa Kakamega, Lelegwe wa Samburu na Langat wa Bomet. Ikapita tarehe 17 Septemba na hakuna kaunti iliyokatwa, pesa ikaongezwa kwenye chungu badala ya kumnyang'anya mtu sahani. Sasa ukae ufikirie, siku hiyo kura zilikuwa zinahesabiwa kwa kaunti, kila kaunti kura moja na anayeipiga ni seneta mliyemchagua, inahitajika 24. Lamu kura moja na Nairobi kura moja. Hapo ndipo karatasi yako ya njano inapokuwa na uzito kuliko zote sita, na wewe ndiyo ile uliyoipiga ukiwa unafikiria kwenda kutafuta boda ya kurudi nyumbani.

Ya pili ni gavana. Seneti ndiyo inayomwita ajibu ripoti za mkaguzi mkuu, na bunge la kaunti likimtimua kesi inaenda kwao. Waititu wa Kiambu aliangukia hapo Januari 2020, Sonko Desemba mwaka huo huo, Waiguru akaponea hapo hapo katikati. Kawira wa Meru naye akaanguka 2024. Hata Gachagua akiwa naibu wa rais ni maseneta waliommaliza Oktoba 2024.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na shemeji yako. Suti ukiivaa kamili unakuwa umempa gavana askari wa kumlinda badala ya askari wa kumkagua. Na watu wa Pwani hawakuvaa suti 2022, hebu angalieni. Kwetu Kwale gavana Achani wa UDA, chama cha Rais Ruto, seneta Issa Boy wa ODM, chama cha Raila wakati ule. Tana River kinyume chake, Godhana ODM na seneta Mungatana UDA. Lamu gavana Timamy alikuja na ANC, seneta Githuku na Jubilee. Taita Taveta gavana Mwadime aliingia kama mgombea huru na seneta Mwaruma ni ODM. Kaunti nne kati ya sita! Ni Mombasa na Kilifi tu walioenda ODM juu na chini.

MnaziMrefu

WakalaMstaafu heshima kwako lakini hapo mwisho umeteleza kaka. Mimi niko Malindi na najua ulikuwa unatutafuta sisi wa Kilifi. Unasema kama vile watu walikaa chini wakapiga hesabu, gavana huyu seneta yule wa kumkagua. Hakuna kitu kama hicho. Watu walimpigia mtu wanayemfahamu kwenye ugavana, na kwenye useneta wakafuata upepo wa chama, ndiyo maana inaonekana mchanganyiko. Binti mwenyewe amekwambia hapo juu alitafuta alama.

Na pia hii habari ya chama tofauti kuwa dawa, dawa ya nini sasa? Nairobi Sakaja ni UDA na Sifuna ni ODM, sawa, Narok Ntutu wa UDA na Ledama wa ODM, sawa. Lakini tangu 2024 ODM wamo serikalini, Joho wetu yuko kwenye baraza la mawaziri, Machi 2025 Ruto na Raila wakaweka sahihi ya kushirikiana hadharani. Sasa huyo seneta wa ODM wa kumkagua gavana wa UDA bado ni mpinzani wake ama ni mwenzake? Umechagua chui na paka ukidhani hawatakaa pamoja, kesho unawakuta wamelala jiko moja.

Mimi nakuambia binti angalia mtu lakini uangalie mtu huyo anataka kwenda wapi. Useneta kwa wengi ni stendi ya kungojea matatu ya ugavana. Hebu hesabu walioondoka 2022 wakawa magavana, Orengo Siaya, Mutula Mdogo Makueni, Kihika Nakuru, Kang'ata Murang'a, Sakaja Nairobi, na kabla yao Sonko 2017. Wengine wanakuja kwa njia ya pili, Mandago amemaliza ugavana wake Uasin Gishu akahamia seneti, na wengine hawakai kabisa, Murkomen alichaguliwa Agosti 2022 akawa waziri kabla hajapasha kiti moto, Wetang'ula naye akawa spika wa Bunge la Taifa, Elgeyo Marakwet na Bungoma wakarudi debeni kwa uchaguzi mdogo.

WakalaMstaafu

@MnaziMrefu haya nimekubali kwenye la mirengo, hiyo handisheki ya Ruto na Raila imetuharibia hesabu. Lakini hilo la stendi mimi naliona kinyume. Seneta anayeutaka ugavana ndiye anayemchimba gavana vizuri zaidi! Atasoma ripoti ya mkaguzi ukurasa kwa ukurasa kwa sababu anatafuta cha kusema jukwaani. Nia yake chafu lakini kazi inafanyika. Anayenitisha mimi ni yule ambaye hataki chochote, amekuja kupumzika.

MnaziMrefu

Hahaha haya hapo umenipata kidogo. Ila akichimba anachimba yale ya kumuangusha mtu tu, hajali kama dawa zimefika zahanati. Na gavana akiwa anamaliza muhula wa pili na anamuunga mkono yeye? Hachimbi kitu, anafukia.

TangaRaha

Jamani majirani nawasalimu kutoka Tanga. Samahani kwa kuingilia, mimi huwa navuka Horohoro kuja Lungalunga kibiashara na kila uchaguzi wenu unanichanganya. Sisi huku tuna Bunge moja tu la Muungano, na Zanzibar wana Baraza lao la Wawakilishi, hakuna cha bunge la juu. Sasa nyie hao watu wawili mnawahitaji wa nini, mbunge na seneta si wote wanakaa Nairobi wanakula posho? Halafu nasikia kuna wengine wameingia huko seneti bila kupigiwa kura, hao wametokea wapi?

MnaziMrefu

Karibu sana jirani. Hilo la pili nilitaka kulisema kabla Wakala hajanivuruga na ndilo linalomhusu Binti moja kwa moja.

Seneti ina watu 67 ukiacha spika. 47 ndio wa kuchaguliwa, mmoja kila kaunti. Halafu kuna wanawake 16 wa kuteuliwa, vijana wawili, na watu wenye ulemavu wawili. Wale wanawake 16 wanagawiwa vyama kulingana na viti vilivyoshinda kule kwenye 47, viti, sio idadi ya kura, hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Piga hesabu mwenyewe, 47 gawanya kwa 16 ni karibu tatu, kwa hiyo kila chama kikishinda viti vitatu hivi kinaongezewa mwanamke mmoja kutoka kwenye orodha yake iliyopelekwa IEBC, tume ya uchaguzi, kabla ya uchaguzi. Ile alama uliyotia Binti haikumpeleka mtu mmoja tu, ilikuwa inavuta na orodha nzima ambayo hukuiona, na orodha yenyewe wanaipanga wakubwa wa chama, nani anawekwa wa kwanza na nani wa kumi ni mambo ya mlango umefungwa.

Ndiyo maana mgombea huru ana kazi ngumu. Sio kushinda tu, kuna Kibiru alishinda Kirinyaga 2017 akiwa huru. Kwenye makaratasi anatakiwa awe na wapiga kura 2,000 wa kaunti wanaomuunga mkono na asiwe mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla, hiyo inawezekana. Lakini akishinda hana orodha, kiti chake hakivuti mwanamke yeyote nyuma yake. Chama kidogo ni hivyo hivyo, Omtatah alichukua Busia 2022 na chama ambacho wengi wetu hatukuwa tumekisikia, NRA, kiti kimoja, ni yeye na kelele zake. Ila kelele zake ni za maana, hilo mimi namvulia kofia hata kama si wa kwetu.

Na wanawake wenyewe debeni jamani! 2013 hakuna hata mmoja aliyechaguliwa seneta kati ya 47. Sifuri. 2017 wakawa watatu, Kihika, Dullo wa Isiolo na Profesa Kamar. 2022 watatu tena, Dullo karudi, Kavindu wa Machakos na Tabitha Karanja wa Nakuru. Kutoka Pwani sijaona hata mmoja bado. Kwale mmetoa gavana mwanamke, useneta je?

PwezaWaLikoni

Kumbe spika si seneta? Mimi nilijua Kingi ni seneta wa Kilifi

MnaziMrefu

Hapana mdogo wangu, seneta wa Kilifi ni Madzayo tangu 2013. Kingi alikuwa gavana wetu mihula miwili, akaunda chama cha PAA, akaingia muungano wa Azimio wa Raila, akatoka akaenda Kenya Kwanza ya Ruto mwezi wa tano 2022, mgombea wao wa ugavana hapa akaanguka, lakini yeye akapata kiti cha juu kabisa kule seneti. Spika anachaguliwa na maseneta na hatakiwi kuwa mmoja wao. Siasa ni mchezo wa bao, unaweza kupoteza kete huku ukala kule.

MzeeWaMakupa

Wajukuu zangu nimesoma yote. Huyu kijana wa Tanga ameuliza swali ambalo hata sisi tuliulizana zamani, mnawahitaji wa nini watu wawili.

Seneti hii si ya kwanza. Tulikuwa nayo tangu 1963, viti 41, mimi nikiwa mtoto wa kutumwa dukani lakini nilikuwa nasikia wakubwa wakizozana barazani. Spika wake alikuwa Timothy Chokwe, mtu wa hapa hapa Pwani. Uchaguzi wa mwezi wa tano mwaka ule ilikuwa KANU na KADU, na KADU ndiyo ya Ronald Ngala, mtu wetu, wakitaka majimbo, kwamba kila mkoa uwe na serikali yake na pesa zake, kwa sababu makabila madogo na watu wa Pwani waliogopa kumezwa. Seneti iliwekwa iwe mlinzi wa hiyo majimbo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwezi wa kumi na moja 1964 KADU ikajivunja yenyewe ikaingia KANU, wakubwa wakapewa nafasi serikalini. Baada ya hapo nani wa kuilinda majimbo? Seneti ikabaki mlinzi asiye na bwana. 1966 wakaiunganisha na bunge la chini ikaisha, na hakukuwa na kelele yoyote mitaani, watu walikuwa wanashughulika na mambo yao. Ikarudi na katiba ya 2010 na uchaguzi wake wa kwanza 2013, hesabuni ni miaka mingapi hapo katikati tuliyokaa tukingoja barabara kutoka Nairobi.

Kwa hiyo huyo mjukuu wa Malindi aliyesema chui na paka kwenye jiko moja amenikumbusha mbali sana. Vyama vilikuwa viwili tofauti kabisa, na baada ya uchaguzi ule havikumaliza hata miaka miwili.

BintiUkunda

Shikamoo babu. Ahsante sana, hiyo ya KADU shuleni tulisoma mistari miwili tu tukapita.

Wakala na MnaziMrefu mmenichanganya halafu mmenipanga tena. Nilivyoelewa mimi ni kwamba chama kinaniambia orodha inayokuja nyuma, na mtu ananiambia siku ya kura moja moja ya kaunti atasimama wapi. Ila bado nina swali, huyu seneta wa sasa nitajuaje alikuwa anafanya kazi ama alikuwa anapumzika? Maana huku mtaani tunamuona kwenye mazishi tu.

WakalaMstaafu

Mazishi si kipimo, huko wanakuja wote. Hansadi iko kwenye tovuti ya bunge, mijadala yote neno kwa neno, unatafuta jina lake unaona aliongea nini na lini. Kwenye kura zile za kaunti majina yanaandikwa, nani alisema ndiyo, nani hapana. Na ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu kuhusu kaunti yetu inatoka kila mwaka, iko wazi. Isome hata kurasa kumi za mwanzo, halafu huyo mtarajiwa wenu akirudi kunywa chai muulize kitu kimoja tu kutoka mle ndani. Usimuulize utatufanyia nini, hapo umempa uwanja. Muulize kwenye ripoti ya mwaka jana kipi kilimkera zaidi.

MnaziMrefu

Na umuulize pia yuko nambari gani kwa mkubwa wa chama, maana mchujo wenyewe huwa hatuulizwi. Khalwale Kakamega alikuwa anautaka ugavana 2022, wakubwa wakakaa wakamwambia ampishe Malala wewe nenda useneta. Akaenda akashinda, Malala aliyepishwa akaanguka kwa Barasa. Kwa hiyo hata jina unaloliona kwenye karatasi ya njano pengine mwenyewe hakupanga kuwa pale.

TangaRaha

Mmenijibu vizuri sana. Ila posho hamjanijibu hahaha

PwezaWaLikoni

Posho hata sisi hatujajibiwa

BintiUkunda

Nimerudi kuwapa mrejesho. Jumamosi mheshimiwa mtarajiwa karudi, safari hii na leso za kugawa. Nimechukua leso (nyekundu, nzuri, siwezi kudanganya) halafu nikauliza kama Wakala alivyonifunza, mheshimiwa kwenye ripoti ya mkaguzi ya kaunti yetu kipi kilikukera. Kanyamaza. Kamtazama msaidizi wake. Msaidizi kaangalia simu. Halafu akasema hilo swali zuri sana dada, niachie namba yako, timu yangu itakupigia.

Mpaka leo Jumatano simu haijalia. Lakini mama mwenyekiti kaniita pembeni akaniuliza hiyo ripoti inapatikana wapi, anataka mwanawe amsomee.

PwezaWaLikoni

Leso ina maneno gani?

BintiUkunda

Jina lake na alama ya chama. Imeandikwa "chaguo la wananchi". Nimeifanya pazia la jikoni.